Digrii ya IS iko na kazi? Wacha tuanzie kwa reli

Wiki jana binamu yangu alinipigia saa mbili usiku akiwa kwa saiba moja pale Ruiru mjini. Alikuwa amefungua tovuti ya KUCCPS na dirisha la kubadilisha kozi lilikuwa linafungwa kesho yake. "Brathe, niambie ukweli. IS iko na kazi ama haina?" Nyuma yake nilisikia mwenye saiba akigonga meza, anataka kufunga.

Nikamwambia, "Inategemea."

Hilo lilikuwa jibu la uoga. Inategemea nini? Kijana ana saa chache za kuchagua miaka minne ya maisha yake, na mimi niliyesoma hiyo kozi namjibu kama mwanasiasa. Usiku huo sikulala vizuri. Kwa hivyo wacha niandike nilichopaswa kumwambia, na wewe uliye na swali kama lake usome mpaka mwisho, usiruke.

Kwa wale hawajui, IS ni Mifumo ya Habari. Unasoma databesi, programu kidogo, uhasibu kidogo, usimamizi kidogo, halafu kuna somo moja refu la kuchora visanduku na mishale kuonyesha habari inatoka wapi na inaenda wapi. Ukirudi nyumbani Krismasi, tafsiri ya shangazi ni moja: huyu hutengeneza printa.

Nilimaliza 2022 katika chuo ambacho sitakitaja. Mama aliuza ng'ombe wawili wa maziwa Gatundu ndio karo ya mwaka wa mwisho ikamilike. Baada ya hapo nilisaga lami mwaka mmoja na miezi minne. HELB nao hawana haraka sana, wanakupa mwaka mmoja, kisha wanaanza kukukumbusha deni, uwe na kazi ama uwe bado unaomba mama pesa ya bando. Kwa hivyo naongea nikiwa na kidonda, mjue hivyo.

Lakini hili swali halikuanza na sisi. Wakenya wameuliza kama kompyuta iko na kazi kwa zaidi ya miaka sitini, na ukifuata majibu yao utaelewa mbona langu lilikwama kooni.

Kompyuta za kwanza ziliingia Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kati ya waliozileta kwanza ni watu wa reli, East African Railways. Usifikirie laptopu. Fikiria mashine inayojaza chumba, kadi za karatasi zenye matundu, na watu wanaoingia humo kwa zamu kama wanaingia hospitali. Kazi yake haikuwa ya ajabu: mishahara, bili, hesabu za mizigo. Serikali nayo ikawa na idara yake ya kompyuta chini ya Wizara ya Fedha, na mashahara wa walimu na makarani ukaanza kutoka humo. Mashine zenyewe zilitoka Uingereza na Marekani. Waliopata kazi ni waliotoboa kadi, wengi wao wanawake, kisha waendeshaji, kisha waandishi wa programu wachache, na juu kabisa mchanganuzi wa mifumo. Huyo wa juu ndiye babu yetu sisi wa IS. Alikuwa anaenda kwa karani wa mishahara, anamuuliza "wewe hufanya nini asubuhi mpaka jioni?", halafu anageuza jibu liwe kitu ambacho mashine inaweza kufanya.

Wakati huo kazi ilikuwa ya uhakika kwa sababu rahisi sana. Mashine zilikuwa chache na wanaozijua walikuwa wachache zaidi.

Kisha elimu ikaanza kukimbia. JKUAT ilipokea wanafunzi wa kwanza Juja mwaka wa 1981, kwa msaada wa Japani, ikiwa chuo cha diploma cha kilimo na teknolojia. Ikawa chuo kikuu kamili 1994. Katikati hapo, mwaka wa 1985, mambo mawili yalitokea: mfumo wa 8-4-4 ulianza, na kituo cha utafiti wa kahawa hapa Ruiru kikatoa aina mpya ya mbegu, Ruiru 11, ambayo haishikwi kwa urahisi na magonjwa ya kahawa. Zote mbili zililetwa kama dawa. Mbegu ilifanya kazi yake, lakini mashamba mengi ya kahawa ya Ruiru leo ni maghorofa na Tatu City. Hiyo ni stori ya siku nyingine, ila ikumbuke: kitu kinaweza kuwa kizuri na bado soko likahama chini yake.

Miaka ya 1990 ndiyo enzi ya pakeji. Waulize wazazi wenu. Ukimaliza kidato cha nne, ukisubiri matokeo, unapelekwa pakeji. WordPerfect, Lotus 1-2-3, dBase, baadaye Word na Excel. Shangazi yangu, huyo huyo wa printa, alisomea pakeji Thika 1997 na kwa cheti hicho tu akapata kazi ya ofisi, na kwa mshahara wa hiyo kazi akasomesha watoto wawili. Mwambie leo kwamba una digrii nzima na huna kazi, anakuangalia kama umeficha kitu.

Na anafikiri vizuri kulingana na alichokiona. Kwake cheti kilikuwa ufunguo. Ila ilipofika 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa kimefungua masomo ya kujilipia, ile tunaita parallel, na vyuo vingine vikafuata. Kozi za kompyuta ni rahisi kuziuza: hazihitaji maiti kama udaktari wala shamba kama kilimo. Chumba, mashine thelathini, mwalimu mmoja aliyechoka. Zetech ilianza 1999 kama kakoleji, leo ni chuo kikuu na kampasi yake kuu iko hapa Ruiru. Mount Kenya ya Thika ilipata hati 2011. Simama Kamakis, na kama hakuna jamu (haha), ndani ya nusu saa una Kenyatta, Zetech, JKUAT na MKU. Zote zinafuzisha watoto wa kompyuta kila mwaka, na sote tunashuka stegi moja.

Sasa ngoja nikuambie kuhusu Thika, kwa sababu hapa ndipo jibu limejificha.

Oktoba 2005, Safaricom na Vodafone walianza kujaribu mfumo wa kutuma pesa kwa simu. Mojawapo ya sehemu walizochagua ilikuwa Thika. Mawakala wanane jumla, wateja wasiofika 500, wengi wakiwa wanachama wa vikundi vya mikopo vya Faulu. Wazo la mwanzo lilikuwa dogo: mtu alipe mkopo wake kwa simu badala ya kubeba pesa mkononi mpaka kwenye mkutano wa kikundi. Basi.

Watu walipopewa, wakaitumia vingine. Wakatumiana. Mmoja anaweka pesa Thika asubuhi anaitoa Nairobi akifika, ndio asiibiwe njiani. Mwingine analipia mwenzake mkopo, analipwa baadaye. Waliokuwa wanaangalia wakaona kitu ambacho hawakukipanga, wakatupa wazo la mkopo, na tarehe 6 Machi 2007 M-Pesa ikazinduliwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Mengine unayajua, yako kwa simu unayosomea hii.

Uliza sasa: kazi zilienda wapi? Programu yenyewe iliandikwa na kampuni ya Cambridge, Uingereza. Seva zilikaa Ujerumani mpaka 2015, ndipo zikaletwa Kenya, na mfumo mpya ukawa wa Huawei. Thika ilitoa wateja. Kazi iliyobaki mtaani ikawa ya wakala: kibanda, daftari, kiti cha plastiki, kitambulisho tafadhali. Ni kazi halali na imelisha watu wengi, sitaidharau. Lakini si ile tuliyochorewa kwa brosha ya chuo.

Benki ni vivyo hivyo. Mfumo wa Equity, Finacle, ni wa Infosys ya India. KCB wanatumia T24 ya Temenos, Waswisi. Mhitimu wa IS akiingia benki hajengi mfumo. Anaulisha, anauunganisha na M-Pesa, anajibu simu ya tawi la Kitui saa moja asubuhi kwamba haufunguki. Inalipa, na hao ndio wale wa darasa letu wanaopost picha Diani. Lakini nafasi zenyewe ni chache, na mwenye nayo haachi.

Halafu ikaja miaka ya ahadi. Nyaya za intaneti za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa 2009. iHub ikafunguliwa Nairobi 2010. Novemba 2012 Kibaki akafungua Thika Superhighway, Januari 2013 akaenda Konza kuzindua mji wa teknolojia. Nilikuwa mtoto, na niliamini kila kitu. Barabara iliniaminisha hasa, kwa sababu hiyo niliiona kwa macho.

Na kwa hiyo barabara ndipo nilipata somo langu la kwanza la IS bila kujua. Nilikuwa bado shule ya msingi 2013 wakati Google na Equity walileta BebaPay, kadi ya kulipa matatu. Unagusa, inalia, risiti inakuja kwa simu. Serikali nayo ikasema kufikia Julai 2014 matatu zote zikubali kadi. Tulidhani tumefika ulaya. Kufikia 2015 BebaPay ilikuwa imefungwa, na makanga bado anakunja noti kati ya vidole mpaka leo.

Kadi ilikuwa sawa kabisa. Lakini fikiria ilichokuwa inafanya. Kila shilingi inaonekana na mwenye gari siku hiyo hiyo. Makanga anatoa wapi ya mafuta saa tisa mchana? Ya yule afande wa Roysambu inaandikwa wapi kwa mfumo? Skwadi aliyemshikia dereva raundi mbili analipwaje? Na nauli ya Thika Road hupanda mvua ikinyesha. Kadi ilipangwa na mtu ambaye hajawahi kunyeshewa pale Allsops. Mfumo ulifanya pesa ionekane, na watu wengi walikuwa wanakula kwa sababu haionekani. Wakaukataa, polepole, kwa "mashine imekufa, leta cash".

Hakuna mwandishi wa programu angeokoa kitu hapo. Ni kazi ya yule babu wa reli, wa kukaa na karani na kumuuliza anafanya nini asubuhi mpaka jioni. Hakuna aliyekaa na makanga vya kutosha, hayo ndiyo maoni yangu, na niko tayari kubishana.

Naharakisha sasa. Andela ilifika Nairobi 2015 ikasema itafunza vijana waandike programu za kampuni za nje. Septemba 2019 ikaachisha kazi wachanga takriban 400 kati ya Nigeria, Uganda na Kenya, kwa sababu soko lilitaka wazoefu. Kisha kulikuwa na uandishi wa mtandaoni. Msijifanye hamjui. Kutoka Roysambu mpaka Juja kulikuwa na keja ambazo kodi yake ililipwa na insha za wanafunzi wa Marekani, na nusu ya waandishi walikuwa na digrii kama yangu. Mimi pia nimeandika, kuhusu uuguzi, ambao siujui. Novemba 30, 2022 ChatGPT ikatoka, na ndani ya miezi michache akaunti zikanyamaza. Wengine wakaingia kazi ya kufundisha hizo mashine zenyewe, kuchuja na kuwekea data lebo, kazi ambayo jarida la TIME liliandika Januari 2023 kwamba ilikuwa inalipwa chini ya dola mbili kwa saa. Na 2024 Tatu City wakafunguliwa kituo kikubwa cha simu cha CCI, Rais mwenyewe akaja. Wawili wa darasa letu wako huko, wanaongea na wateja wa nje usiku. Kazi ni kazi.

Picha yote ya nchi iko hivi: takwimu za KNBS zinasema 2024 ziliundwa nafasi mpya 782,300, na zaidi ya 700,000 kati yake ni za jua kali. Tisa kwa kila kumi. Kwa hivyo unapouliza kama IS iko na kazi, unauliza kama utakuwa yule mmoja. Ukisomea sosiolojia ungeuliza swali hilo hilo.

Mimi sikuwa yule mmoja. Niliingia kwa wale tisa, kupitia mbuzi.

Mwishoni mwa 2023 rafiki alinitambulisha kwa mwenye choma moja hapa Kamakis, sitaitaja. Mzee aliniambia sentensi moja tu: "Mbuzi wanaingia, pesa haitoshi." Alitaka mashine ya risiti kama ya supamaketi. Elfu kumi na tano.

Wiki ya kwanza sikufungua laptopu. Nilikaa kando ya bucha. Nyama inapimwa mbichi, mteja analipa hapo, inawekewa kijiti chenye namba inaenda kwa jiko. Ugali na kachumbari zina keshia mwingine. Bia, mwingine. Keshia watatu ambao hawasomeani vitabu. Mteja akitaka kulipa kwa M-Pesa anauliza namba, na waiter mmoja wawili walikuwa wanapeana namba zao badala ya tili. Hayo niliyatarajia. Lakini hata nikiyajumlisha, bado mbuzi hatoshi.

Ilikuwa mutura na supu. Kichwa, miguu, matumbo, damu, hakuna mahali vilikuwa vinaandikwa. Bucha alikuwa anatengeneza mutura, anauza kando ya jiko, pesa inaingia kwa mfuko wa koti lake jeupe. Nilipomuuliza hakuficha. Alisema meneja wa zamani alimpa hivyo vitu badala ya kumwongezea mshahara, miaka sita iliyopita. Hakuna karatasi, na meneja aliondoka.

Kwa mfumo wangu ilibidi niandike mstari mmoja: mutura ni ya nani? Kompyuta haikubali "ni mambo ya kuelewana". Nilimpelekea mzee, nikamweleza na upande wa bucha pia, nikasema labda aongezwe mshahara. Mzee akasema mutura ni yangu, andika. Nikaandika. Mwezi uliofuata hesabu zilikaa sawa na bucha hakuwepo. Ana jiko lake sasa pale stegi. Nikipita ananiita, "Wewe kijana wa kompyuta," kwa sauti ambayo sijui kama ni salamu.

Hiyo kazi ilinipa nyingine tatu hapa baipasi, na kwa sasa nalipwa kila mwezi kuziangalia. Sina likizo, SHA najilipia mwenyewe, na mama bado anauliza nitapata kazi lini. Lakini kila kitu nilichofanya wiki ile kando ya bucha nilikisoma darasani. Visanduku na mishale. Somo ambalo tulikuwa tunaliruka twende kwa darasa la programu.

Asubuhi saa moja nilimpigia binamu yangu. Nilimwambia hivi, na ndilo jibu langu hata kwenu. Ukichukua IS ukitarajia cheti kikufungulie kama kilivyomfungulia shangazi 1997, badilisha saa hii. Ukiichukua, ishike pamoja na kitu kingine kuanzia mwaka wa kwanza: CPA, ama hospitali, ama sheria ya data. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kampuni zimehitaji mtu wa kujua habari za wateja ziko wapi na nani anaziona, na huyo mtu haagizwi kutoka Cambridge. Kaunti 47 zina hospitali, masoko na ushuru ambao bado uko kwa daftari. Attachment usifanye ya kubeba chai. Nenda hata kwa duka la dawa la mtaa uwaulize wanapotezea wapi pesa. Na ujue siku moja utaandika mstari unaomtoa mtu kazini, na chuo hakitakuwa kimekufunza la kufanya.

Akanyamaza kidogo. Akauliza, "Na yule bucha, ulimrudia?"

Nikamwambia hununua mutura kwake kila Ijumaa. Akasema sio hilo ameuliza.

Hakubadilisha kozi. Jumamosi hii anakuja Kamakis aone hiyo mashine inavyofanya kazi. Nimemwambia ajitafutie nauli, mimi nitamnunulia supu, lakini ile ya pale stegi.